Kitambaa Chekundu cha Kirangozi

Haya, wajukuu zangu. Sogeeni huku kwenye kivuli cha mwembe, maana jua la Tabora halichelewi kupanda. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina hadithi ya gari. Lakini gari lenyewe liko mbele kidogo. Tutalifikia kwa miguu, kama wazee wetu walivyofika kila mahali.

Hapa Itetemia ndipo watemi wa Unyanyembe walipokuwa na ikulu yao. Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walipoingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, mtemi alikuwa Fundikira. Ilikuwa tarehe 7 Novemba 1857, na safari yao kutoka pwani ilikuwa imekula siku 134. Mtoto aliyezaliwa siku ile wanaondoka pwani alikuwa ameshajua kucheka na kujigeuza kwenye mkeka.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, si zaidi ya mahali pa kukanyaga mtu mmoja. Msafara wa watu mia mbili ulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kama siafu. Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Ah, kirangozi! Laiti mngemwona! Alivaa kitambaa chekundu, kichwani ameweka ngozi ya mbega yenye manyoya marefu meusi na meupe, mkononi ameshika bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Karibu yake ngoma ililia.

Sasa niwaulize: kirangozi alijipamba ili apendeze tu?

Alipendeza, ndiyo. Lakini fikirini mtu wa mia moja na hamsini kwenye mstari ule, mzigo begani, jasho machoni, miombo kila upande. Anajuaje njia imepinda wapi? Anainua macho, anaona wekundu unatembea katikati ya miti. Anasikia ngoma. Wenyeji wa kijiji cha mbele nao wanaona bendera tangu mbali, wanajua kuwa ni msafara wa biashara unaokuja, si vita. Pambo la kirangozi lilikuwa linafanya kazi.

Tazameni na mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Nguo zilikunjwa, zikakazwa kwa kamba na fito mpaka zikawa ngumu kama gogo, ili mzigo usilegee na kumyumbisha mtu begani. Koili za waya wa shaba zilifungwa kwenye ncha mbili za mti, huku na huku, ili uzito ulingane. Hakuna aliyeweka manyoya ya mbega kwenye mtumba wa nguo. Begani hapakuhitaji kuonekana. Begani palihitaji kubeba.

Shikeni mambo hayo mawili, kitambaa chekundu cha mbele na mtumba uliokazwa wa nyuma, kwa sababu sasa gari linaingia.

Kaka yenu mkubwa, mnamjua, amenunua gari. Ni Toyota IST lililotumika, dogo, la rangi ya fedha. Alikuja nalo hapa jioni moja, akalizunguka mara tatu akilifuta kwa kitambaa ambacho nadhani ni kanga ya mama yake. Nikalikagua, kwa sababu miaka yangu mingi nimekula kwa spana. Nikamuuliza, "Utalifanyia nini?" Akasema, "Babu, nimeweka akiba shilingi milioni moja. Nataka rimu kubwa zinazong'aa, nalishusha chini, nyuma naweka spoila, na ekzosi ya kunguruma. Likipita sokoni kila mtu atageuka."

Sikumcheka, wala nyinyi msimcheke. Kutaka kitu chako kipendeze si kosa. Mama akisuka mkeka anatia ukindu wa rangi, ingawa mkeka mweupe nao unalaliwa. Nilimwambia tu, "Keti. Kabla hujatoa hela, tukiulize kila kitu ulichokitaja: wewe ulizaliwa wapi, na kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?"

Tukaanza na spoila, lile bawa la nyuma. Lilizaliwa kwenye viwanja vya mbio. Gari likienda kasi sana, hewa inayopita juu yake hutaka kuliinua, na matairi yanaanza kukosa mshiko. Bawa limewekwa kinyume na bawa la ndege: la ndege huinua, la gari hukandamiza. Kwao ni kazi kubwa. Lakini kwenye njia ya vumbi ya kwenda mashambani, mwendo ukiwa kilomita 40 kwa saa, hewa haina nguvu ya maana ya kulisukuma bawa lile. Litabeba vumbi tu.

Tukaziuliza rimu. Rimu za aluminiamu zilipendwa na waendesha mbio kwa sababu ni nyepesi, na matundu yake hupitisha hewa ya kupooza breki. Gurudumu jepesi hufuata barabara vizuri: likikutana na shimo linashuka na kupanda haraka, halirukiruki. Ila rimu ikiwa kubwa, tairi lazima liwe jembamba ubavuni ili yote mawili yaenee chini ya bodi. Na ubavu wa tairi ndio mto wa gari. Ukiupunguza, shimo linapiga chuma. Rimu inapinda au kupasuka, na hewa yote inatoka mara moja.

Tukaliuliza lile la kulishusha gari. Nalo limetoka kwenye mbio. Gari fupi haliyumbi kwenye kona, kama mtu aliyechuchumaa asivyosukumika kirahisi kama aliyesimama. Lakini watengenezaji wa magari ya mbio hubadilisha springi na shokapu kwa pamoja, wanapima. Wengi wetu mitaani tunakata springi kwa msumeno. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Gari linakosa nafasi ya kudunda, linagonga chini, na fundi mwenye akili hawezi kukubali. Isitoshe, chini ya gari kuna sampo ya oili. Jiwe moja likiitoboa, oili inamwagika, na injini isiyo na oili hufa kwa dakika chache.

Na ekzosi ya kunguruma? Bomba lililopimwa vizuri husaidia injini ya mbio kupumua. Bomba lililotobolewa tu hutoa kelele, na kelele haisukumi gari.

Kaka yenu alinyamaza. Kisha akasema jambo la maana sana: "Kumbe vyote vilikuwa na kazi kwao."

Ndiyo, wajukuu zangu. Sura nyingi tunazozipenda kwenye magari zilianza kama kazi mahali fulani. Kisha watu wakaipenda sura, wakaibeba sura peke yake, kazi wakaiacha kule.

Nikamsimulia habari ya mashua. Mwaka 1874 msafiri Henry Stanley aliagiza mashua Uingereza, ikaundwa Teddington kando ya mto Thames. Aliiita Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40, kama mita 12, na iliundwa kwa vipande vitano ili ibebwe mabegani mpaka ziwa Nyanza. Ilikuwa mashua nzuri. Lakini ilipofika Zanzibar ikaonekana kwamba vipande vilikuwa vizito na vipana mno kwa njia zetu nyembamba. Ikabidi seremala aifanyie kazi upya kule kule Unguja, vipande vipunguzwe, ndipo wapagazi wakaweza kupita navyo msituni. Msafara ule haukupita Itetemia; ulikata kaskazini kuelekea Usukuma. Machi 1875 mashua ikatiwa majini, ikazunguka ziwa Nyanza lote. Mwaka uliofuata ikazunguka ziwa Tanganyika, kisha ikashuka na mto Kongo. Kama ingebaki na umbo lake la Teddington, isingetoka Zanzibar. Njia ndiyo iliyosema mwisho iwe na umbo gani.

"Basi," nikamwuliza kaka yenu, "njia yako wewe inasema nini?"

Akafikiri. Anataka kubeba asali kutoka vijiji vya Sikonge na kuileta mjini, pamoja na mbao za kutengenezea mizinga. Mnajua njia zile. Ukiacha lami unakuta vumbi jembamba kama unga kiangazi chote. Kuna matuta madogo madogo yanayofuatana, yanayotikisa meno. Kuanzia Novemba mvua inaanza, na mbuga zinajaa tope jeusi linalonata.

Nikachukua kijiti, nikaanza kuandika mchangani. Nanyi fuateni.

La kwanza ni breki. Kila mmoja wenu amepanda baiskeli, kwa hiyo jaribuni hili mahali pasipo na watu: nenda polepole, funga breki, hesabu hatua ulizoteleza. Kisha nenda mwendo wa mara mbili, funga tena. Utadhani hatua zitakuwa mara mbili. Hapana, zitakaribia mara nne. Gari nalo ni hivyo. Kama kwa kilomita 40 kwa saa breki zinahitaji mita 10 kulisimamisha, kwa kilomita 80 zitahitaji mita 40. Ndiyo maana anayeongeza nguvu ya injini bila kugusa breki amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu yenye hatari. Breki pedi mpya na mafuta safi ya breki havionekani na mtu sokoni. Mbuzi anayekatiza barabara ghafla ndiye atakayejua kama vipo.

La pili ni tairi. Gari zima, na watu, na asali, vinashika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Hakuna kitu kingine kinachogusa barabara. Ukiwa na injini ya ajabu na tairi kipara, nguvu yote inaishia kuzungushwa kwenye tope.

La tatu ni springi na shokapu. Springi hubeba uzito, shokapu huituliza springi isiendelee kudunda. Shokapu zikifa, gurudumu linaruka juu ya yale matuta, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Wenzetu wengi wenye IST huweka vipande vya kuinua springi, vinaitwa spesa, ili gari lipande kidogo na kuepuka mawe. Ni jambo la busara likifanywa kwa kiasi na fundi anayejua. Likizidi, gari linakuwa refu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani, na kwenye kona linataka kulala.

La nne ni pumzi na maji. Ea klina iliyojaa vumbi ni kama kukimbia huku umefunikwa blanketi usoni. Rejeta iliyoziba huchemsha injini, na iliyochemka katikati ya msitu haina wa kuipooza.

Kaka yenu akaangalia orodha mchangani, uso ukasinyaa. "Babu, hakuna hata kimoja kinachopendeza."

Hapo nikamsimulia mbio za magari za Safari. Zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida, vumbi na matope yale yale mnayoyajua. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba. Saba tu! Na lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, gari la familia, lile lile lililokuwa likibeba abiria na mizigo Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 likashinda 404 tena, na mwaka huo pia magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, fundi aliyekulia kwenye gereji, kwa gari la Volvo lililokuwa limeshatumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Halikuwa jipya. Lakini alilijua, na alikuwa amelitengeneza kwa mkono wake.

Magari yale yalibadilishwa sana. Chini ya injini liliwekwa bamba gumu la chuma, kwa ajili ya mawe. Mbele vyuma vya kukinga, kwa ajili ya wanyama. Taa kubwa za ziada, kwa ajili ya usiku na vumbi. Miaka ya baadaye yakawekewa pua ndefu ya kuvutia hewa, iliyoinuka mpaka usawa wa paa, ili yakivuka mto injini isimeze maji. Hakuna kilichowekwa ili kipendeze. Na bado, watu walisimama kando ya barabara kutwa nzima kuyaona yakipita, na picha zake watoto walizibandika ukutani. Yalipendeza kwa sababu kila chuma juu yake kilieleza barabara iliyopitwa.

Nendeni Arusha leo mtaona jambo hilo hilo. Mafundi wanachukua Land Cruiser, wanarefusha chesisi ili viti viongezeke, wanatengeneza paa linaloinuka ili wageni wasimame na kuwaona tembo. Gari linapata umbo ambalo halipo kwingine. Umbo lile limechongwa na Serengeti.

Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani pambo ni adui. Nairobi kuna matatu zinazoitwa nganya, zimechorwa ubavu mzima, ndani muziki na taa za rangi. Kijana wa Nairobi anaweza kuziacha matatu mbili zipite akingoja ile anayoipenda. Kwa hiyo rangi ile inamletea mwenye gari abiria, inamlipa mchoraji, inamlipa aliyefunga spika. Ni pambo linalofanya kazi, kama bendera ya kirangozi. Hata hivyo, mwaka 2004 serikali ya Kenya, waziri akiwa John Michuki, ilizilazimisha matatu kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Mchoro hukufanya upande gari. Mkanda hukufanya ushuke salama. Abiria anastahili vyote viwili, lakini kama hela inatosha kimoja, mnajua sasa kipi kitangulie.

Lipo na pambo linalowaumiza wengine. Taa kali mno, zinazompofusha dereva anayekuja mbele yako. Vioo vyeusi mpaka usiku dereva mwenyewe haoni anayevuka. Kelele inayomwamsha mgonjwa. Hayo msiyaite urembo. Urembo unaomnyima mwenzako macho au usingizi ni kiburi kimevaa rangi.

Basi, mnataka kujua kaka yenu aliamuaje.

Alikwenda gereji akabadilisha breki pedi na mafuta yake. Akanunua tairi nne mpya, zenye meno, za kipimo kile kile gari lilichotoka nacho kiwandani. Akaweka shokapu mpya na spesa ndogo. Akafunga bamba la chuma chini ya sampo. Milioni ikabaki elfu kumi na kitu. Gari lilirudi hapa likiwa na rangi ile ile ya fedha, rimu zile zile, na ukilitazama kwa mbali ungesema hakulifanyia chochote. Nilimwona anahuzunika kidogo. Nikamwacha ahuzunike, hela ya jasho ikitoka lazima iume.

Kisha ikaja Desemba na mvua zake. Alikwenda Sikonge na ndoo tupu, akaahidi kurudi siku ya pili. Usiku ule ilinyesha mpaka mabati yakatushinda kusikilizana. Mama yenu hakulala, na mimi sikulala.

Siku ya pili, alasiri, tulisikia gari. Halikunguruma, tulilisikia kwa sababu mbwa walilisikia. Likatokea pale kwenye kona ya miembe, limejaa tope mpaka kwenye vioo, rangi ya fedha haionekani kabisa. Ndoo za asali zilikuwa zimepangwa ndani, na hakuna iliyomwagika. Nyuma, mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, maana mbao za mizinga zilikuwa ndefu zimetokeza nje. Na kwenye ncha ya ubao mrefu kuliko yote, ili dereva wa nyuma aone asije akaugonga, kaka yenu alikuwa amefunga kitambaa chekundu. Kilikuwa kinapepea.

Mkaenda mbio nyote kulipokea, mnakumbuka? Mlikimbia mmoja nyuma ya mwingine kwenye kile kijia cha mihogo, mkifuata ule wekundu.